Eliya Chini ya Mretemu



Vyuo vimefunguliwa tena. Jumapili iliyopita tuliwaita vijana wetu wanaokwenda vyuoni wasimame mbele ya madhabahu, tukawawekea mikono na kuwaombea, na kama ilivyo desturi ya mtaa huu kila mmoja alitaja jina la chuo chake na masomo atakayosoma. Uuguzi. Ualimu. Sheria. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nasi tulifurahi pamoja nanyi. Lakini kijana mmoja wa mwisho wa mstari mikono yake ilikuwa ikitetemeka, nasi tukamkumbuka binti aliyesimama mahali pale pale miaka michache iliyopita. Habari zake twazileta hapa kwa ruhusa yake na ya mama yake, bila kutaja jina, kwa sababu ndani yake limo kosa letu.

Binti huyo alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Mkopo wa serikali haukumtosha, na sehemu iliyobaki ilitoka katika mchango wa mtaa huu. Wengi mwakumbuka: magunia ya karanga, mbuzi wawili, na bahasha za Jumapili tatu. Kila alipokuja likizo tulimsimamisha kanisani tukamwita "mtoto wetu wa chuo". Hatukujua kwamba kila tulipomsimamisha tulikuwa twamwongezea mzigo kichwani.

Mwaka wa pili alirudi nyumbani katikati ya masomo, akasema ana malaria. Alipimwa, hakuonekana na malaria. Baadaye ndipo alipomwambia mama yake kweli. Kila alipofika mlangoni mwa chumba cha mtihani moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakata, akageuka. Alipogeuka moyo ulitulia, na hapo ndipo ulipokuwa mtego. Kwa kuwa kugeuka kulimpa nafuu, kesho yake aligeuka mapema zaidi. Kwanza aliacha majaribio, kisha mihadhara, kisha hata kwenda kula pamoja na wenzake, hata ikabaki kitanda na mlango uliofungwa. Wanafunzi wana neno lao, kudisko, maana yake kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo. Neno hilo lilimzunguka kichwani usiku kucha.

Alipoletwa kwetu tulifanya nini? Tulimfungulia Mathayo sura ya 6, tukamsomea maneno ya Bwana juu ya kujisumbua, tukamwambia kwamba wasiwasi ni kutokuamini. Tulimwagiza afunge siku tatu. Wazee walikuja wakakemea roho ya hofu kwa sauti kubwa. Siku ya nne alituambia amepona. Hakuwa amepona. Alisema hivyo kwa sababu alituonea huruma, maana tulikuwa tumechoka. Tangu siku ile alikuwa na hofu mbili: ile ya mtihani, na hofu kwamba Mungu amemkasirikia kwa sababu anaogopa.

Tumeisoma tena sura ya 19 ya kitabu cha kwanza cha Wafalme kwa sababu yake, na tumeona mambo ambayo hatukuyaona tulipoihubiri zamani.

Eliya alitoka kushinda. Juu ya mlima Karmeli moto ulishuka mbele ya watu wote. Kisha ulikuja ujumbe mmoja kutoka kwa Yezebeli, na yule mtu wa moto akakimbia. Msishangae basi kijana aliyefaulu vizuri kidato cha sita akianguka mwaka wa kwanza wa chuo. Ushindi wa jana haumlindi mtu na hofu ya leo. Pengine humwongezea, maana sasa ana cha kupoteza. Tena angalieni jinsi alivyokimbia. Alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Ndivyo afanyavyo mwenye hofu. Kwanza hukimbia kitu anachokiogopa, kisha huwakimbia watu wanaompenda. Alipoketi chini ya mti wa mretemu aliomba afe.

Mungu hakumhubiria pale, wala hakuna aya inayosema malaika alimkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale. Kisha akamwamsha tena ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kupita nguvu zake. Sisi tulimwambia binti yetu afunge chakula, naye alikuwa amekonda tayari.

Lakini jambo lililotushika zaidi liko mbele, Horebu, mlangoni mwa pango. Eliya aliulizwa anafanya nini pale, naye akatoa malalamiko yake: wivu wake kwa ajili ya Bwana, manabii waliouawa, na yeye peke yake aliyesalia. Ukapita upepo, na tetemeko, na moto, kisha ile sauti ya utulivu. Yeyote kati yetu angelitunga hadithi hii angesema kwamba baada ya sauti ile hofu ya Eliya iliondoka. Sasa linganisheni aya ya 10 na aya ya 14. Aliulizwa mara ya pili, naye akajibu vile vile, neno kwa neno. Hofu yake haikubadilika hata kidogo! Na Bwana hakubishana naye. Alimpa kazi: aende kwa njia ya jangwa la Dameski, awatie mafuta Hazaeli na Yehu, na Elisha mwana wa Shafati. Aliambiwa pia, kama kwa kupitia tu, kwamba wako elfu saba wasiompigia Baali goti. Naye akaenda. Twafahamu aliondoka pangoni na hofu yake angali nayo, kwa maana hatusomi mahali popote kwamba aliiacha humo.

Sasa tuwaeleze jinsi binti yetu alivyosaidiwa, maana hakusaidiwa na sisi. Mama yake mdogo alimpeleka kwa mshauri wa wanafunzi pale chuoni, mama wa makamo aliyesomea kazi hiyo. Binti alitusimulia mazungumzo yao ya kwanza.

"Shikamoo mama. Nimekuja uniondolee hofu hii."

"Marahaba, mwanangu. Umejaribu kuiondoa kwa muda gani?"

"Mwaka mzima."

"Na imekuwaje?"

"Imekua."

Mshauri hakumpa shauri jipya la kuiondoa. Alimfundisha njia ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita tiba ya kukubali na kuazimia. Mwanzilishi wake ni Steven Hayes, profesa wa saikolojia huko Marekani, ambaye mwenyewe husimulia kwamba mwaka 1978, akiwa mwalimu kijana wa chuo kikuu, alitaka kusema katika kikao cha idara na sauti haikutoka. Mwalimu wa elimu ya nafsi alishindwa na nafsi yake! Kwa muda alipigana na hofu ile, nayo ikazidi kumfuata, mpaka alipogeuza njia. Yeye na wenzake wawili waliieleza tiba hiyo kwa ukamilifu katika kitabu cha mwaka 1999, na tangu hapo imechunguzwa sana, pia miongoni mwa wanafunzi wa vyuo.

Msingi wake ni rahisi kuusema na mgumu kuufanya. Maumivu ya moyo hayawezi kufukuzwa kwa amri. Mwaka 1987 mtaalamu Daniel Wegner na wenzake, katika chuo kimoja cha San Antonio, Texas, waliwaomba wanafunzi waseme kwa sauti kila linalowajia akilini kwa dakika 5, lakini wasimfikiri dubu mweupe. Na wakimfikiri, wapige kengele. Kengele zililia tena na tena. Tena wale waliojizuia kwanza, walipopewa ruhusa baadaye, walimfikiri dubu huyo kuliko wenzao waliopewa ruhusa tangu mwanzo. Jaribuni wenyewe jioni ya leo. Na kama ni hivyo kwa dubu ambaye wengi wetu hatujamwona, itakuwaje kwa mwanafunzi anayeambiwa na mchungaji wake asifikiri hata kidogo juu ya kufeli?

Basi mshauri alimfundisha kwanza kulitazama wazo kama wazo. Badala ya kusema "Nitafeli", aseme "Naona wazo linanijia kwamba nitafeli". Tuliposikia hayo tulitabasamu, tukadhani ni mchezo wa maneno. Kisha tukaikumbuka Zaburi ya 42, ambamo mtunzi anaiuliza nafsi yake mwenyewe sababu ya kuinama kwake. Anasimama kando ya huzuni yake na kusema nayo. Hakuikana, wala hakuwa yeye na huzuni kitu kimoja. Wana wa Kora walijua jambo hilo kabla ya profesa yeyote.

Pili, alimfundisha kuipa hofu nafasi mwilini. Moyo ukianza kwenda mbio, aweke nyayo zake sakafuni, asikie uzito wa mwili wake kitini, atazame vitu vitatu vilivyomo chumbani, avute pumzi na kuitoa polepole. Si ili moyo utulie, bali ili awepo pale alipo. Moyo ukitulia, vema, usipotulia, hakushindwa. Ndugu mmoja ametuuliza kama huku si kuingiza ibada za kigeni. Tumelifikiri swali hilo kwa makini, na jibu letu ni hapana. Hakuna mungu anayeitwa pale. Kusikia pumzi yako mwenyewe ni kusikia kitu alichokupulizia Muumba, Mwanzo sura ya 2. Na Bwana wetu aliposema juu ya ndege na maua ya mashamba aliwaambia wasikilizaji wake wayatazame. Labda aliwataka wayatazame kweli, kwa macho, siku ile, kabla ya kuyageuza kuwa mfano.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, alimwuliza: "Kama hofu hii isingeondoka kamwe, ungependa kuwa mtu wa namna gani?" Binti alilia, kisha akasema alitaka kuwa mwalimu wa hisabati kwa wasichana, kwa sababu shuleni kwake hakumwona hata mmoja. Mshauri akamwambia: "Basi kesho tufanye kidogo kwa ajili ya wasichana hao." Kesho yake walikwenda pamoja mpaka mlango wa ukumbi wa mihadhara, wakasimama dakika kumi, wakarudi. Keshokutwa aliketi kiti cha nyuma. Hofu ilikuwepo siku zote hizo. Mshauri alimpa mfano wa dereva wa daladala: abiria wakorofi wamejaa nyuma, wanapiga kelele, geuza, simama, utatuua. Dereva akisimama kugombana nao gari haliendi. Akiwatii, wao ndio wanaoendesha. Anachoweza ni kushika usukani kuelekea mahali alipokusudia kwenda, kelele zikiendelea.

Wakulima wetu wa Dodoma hawahitaji kuambiwa hivi mara mbili. Ni nani asiye na hofu anapopanda mtama katika udongo mkavu, mvua bado haijanyesha? Angengoja mpaka hofu iishe asingepanda kabisa.

Tusiwadanganye kwamba hii ni dawa ya ajabu. Uchunguzi waonyesha nafuu ya kiasi, na kwa baadhi ya watu tiba nyingine za mazungumzo hufaa vile vile. Lakini kiasi hicho kina thamani. Kaskazini mwa Uganda, wakimbizi wanawake wa Sudan Kusini karibu 700 walishiriki uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020. Waliofundishwa mambo haya haya kwa vikundi, kwa sauti iliyorekodiwa, walipata nafuu ya dhiki ya moyo ambayo baada ya miezi 3 ilikuwa bado ikionekana, ingawa ilikuwa ndogo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo chenye picha kwa njia hiyo. Kama yafaa kambini, yafaa bwenini. Wala vijana wetu wasidhani wako peke yao kama Eliya. Uchunguzi wa mwaka 2018 katika vyuo 19 vya nchi 8, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, uliwauliza karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza, na zaidi ya mmoja katika kila watatu alikuwa na dalili za kuwahi kupatwa na mojawapo ya maradhi ya kawaida ya akili. Elfu saba wasiopiga goti nao walikuwa wamejificha, kila mmoja akidhani ni yeye tu.

Wengine watasema: Je, Maandiko hayakatazi kujisumbua? Yanakataza, Wafilipi sura ya 4. Lakini Paulo huyo huyo, katika 2 Wakorintho 11:28, anaungama mzigo unaomlemea kila siku kwa ajili ya makanisa yote, na neno la Kiyunani analolitumia ni la shina lile lile la neno alilowakataza Wafilipi. Mtume hakuwa mnafiki. Twaona kwamba amri ile ni mkono wa kumwinua aliyeelemewa, nasi tuliifanya fimbo. Mwiba wake aliuombea mara tatu uondolewe. Haukuondolewa, naye aliendelea na safari. Na Bwana mwenyewe katika Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, jasho likimtoka, na rafiki zake wamelala. Nani atathubutu kuiita fadhaa ile dhambi?

Lakini neno kukubali laweza kutumiwa vibaya, nasi tungekuwa tumewakosea vijana tusipolisema hili. Hatumwambii mtu akubali uovu. Mwalimu akimtaka mwanafunzi kimwili ndipo ampe alama, hilo si wazo la kutazamwa likipita. Ni kosa ambalo sheria ya rushwa ya mwaka 2007 ililitaja waziwazi. Binti au kijana aliyepatwa na hilo aje, tutakwenda pamoja naye kutoa taarifa. Mkopo ukichelewa na mwanafunzi analala njaa, tusimfundishe kuvuta pumzi. Apewe mkate kwanza, kama Eliya. Na mtu akisema hataki kuishi, yeyote awaye, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali, na sisi tuitwe hata saa nane za usiku. Hapa kwetu jina la Mirembe tumelifanya kuwa tusi la kuchekana. Ni hospitali, nayo ina waganga. Mficha maradhi kilio humfichua, na vilio vya namna hiyo tumekwisha kuvizika viwili katika mtaa huu, tukatangaza makaburini kwamba ni ugonjwa wa ghafla.

Mtauliza binti yetu aliishia wapi. Alifanya mitihani ya Julai. Somo moja lilimshinda, akapewa sapu, kama wasemavyo wao. Alilirudia Septemba, na alituambia kwamba mikono ilimtetemeka tangu swali la kwanza hata la mwisho, na mwandiko wake ulikuwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Alifaulu. Sasa anafundisha hisabati katika shule ya wasichana. Tulipomwendea kumwomba radhi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, sikuwakasirikia. Ila wakati ule nilitamani mtu aketi nami tu." Bado moyo humwenda mbio kila mkaguzi anapoingia darasani.

Basi tumeafikiana hivi na wazee wa kanisa. Hatutawasimamisha tena wanafunzi kutangaza masomo na matokeo yao; tutawaombea wakiwa wameketi mahali pao. Michango itaendelea, lakini majina ya wanaosaidiwa hayatasomwa. Na kuanzia Jumapili ijayo, baada ya Sala ya Jioni, chumba cha nyuma ya kanisa kitakuwa wazi kwa mwanafunzi yeyote, wa chuo chochote, hata asiye wa dhehebu letu. Umoja wa Mama watapika ugali na mlenda. Mshauri wa wanafunzi aliyetajwa hapa amekubali kuja Jumapili ya pili ya kila mwezi. Watakaoketi humo wameombwa wasiulize habari za mitihani mpaka kijana mwenyewe aanze kuzisema. Anayeweza kuleta viti vya ziada amwone mhudumu wa kanisa, kwa sababu tulivyo navyo ni kumi na viwili tu, na vitatu vimevunjika.